Jenereta Ina Chumba Chake

Nyumba ya Hajati kule Iringa, wiki tuliyoanza kuipaka rangi, ilikuwa na chumba cha jenereta. Chumba kizima, chenye mlango wa chuma, tundu la kutolea moshi na sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa kama ya kanisani. Kulikuwa na chumba cha wageni chenye makochi na mapazia ya zambarau. Kulikuwa na pahali pa kuswalia, na hapo sina neno. Lakini mwanangu wa miezi saba, anayenyonya kama mtu aliyelipiwa, hakutengewa hata pembe. Nikamwambia Hajati mbele ya mafundi rangi, "Jenereta haijawahi kulia kwa kukosa chumba. Mtoto analia."

Akanijibu bila kugeuka, "Jenereta nimenunua mimi. Mtoto umezaa wewe."

Mafundi rangi wakacheka mpaka mmoja akadondosha brashi. Mimi sikucheka. 

Hajati ndiye mwenye kazi yetu. Ni mtu wa Mbeya kabisa, babu zake walipanda huku kutoka pwani na mizigo ya nguo, na yeye mwenyewe miaka yote aliuza mapazia. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikazunguka na vyeti mpaka bahasha ikachanika, mwishowe akaniajiri nimshonee pindo. Siku moja akaingia dukani fundi wa mtandao. Mkewe alikuwa amemtuma pazia. Akawa analalamika kwamba faiba inafukiwa kila wilaya, lakini ule waya mfupi wa kutoka ukutani kwenda kwenye mashine lazima uagizwe Dar, Dar nao wanaagiza nje, na ukifika hautoshi kwa shibiri moja. Hajati akaacha kukunja kitambaa.

"Mnauziwa kwa mita?"

"Kwa mita, Hajati."

"Na urefu mnapewa wanaotaka wao, siyo mnaotaka nyie?"

"Ndiyo shida yenyewe."

"Basi hiyo ni biashara yangu," akasema, akampunguzia bei ya pazia.

Watu walimwona amechanganyikiwa. Akaleta mwalimu wa kutufundisha, akanunua mashine mojamoja, tukaanza nyuma ya duka, marobota ya vitambaa huku, meza ya faiba kule. Kazi ni hii: ndani ya waya kuna uzi wa kioo, mwembamba kuliko unywele wa mtoto, na mwanga ndio unaopita humo ukiwa umebeba simu na picha za watu. Sisi tunaufunga uzi huo kichwa kila upande kwa gundi. Kisha kile kichwa tunakisugua juu ya karatasi laini mpaka uso wa kioo uwe safi kabisa, tunauweka chini ya hadubini na kuutazama. Ukiona chembe, unarudia. Usipoona kitu, unakivika kichwa kofia yake ndogo ya plastiki, kinangoja safari.

Adui wa kazi hii ni vumbi. Tulipohamia Ilomba, hapohapo Mbeya, nyumba nzima sasa, Hajati akapiga marufuku sweta kwenye chumba cha kusugulia, kwa sababu sweta linamwaga manyoya. Sasa wewe fikiria kukatazwa sweta Mbeya, mwezi wa sita, saa moja asubuhi. Tulikuwa tunavaa fulana tatutatu chini ya makoti meupe, tunatembea kama matenga. Akapiga marufuku vitenge vipya vyenye wanga. Akapiga marufuku poda. Hiyo ya poda aliisimamia mwenyewe: kila asubuhi alisimama mlangoni akitunusa shingoni mmojammoja, kama ng'ombe anavyomnusa ndama.

"Wewe umejipaka."

"Ni sabuni, Hajati."

"Sabuni gani ina unga? Rudi ukaoge."

Na biashara ikakua. Zikaja oda za shule, za hospitali, za ofisi, za nyumba za wageni zilizotaka mtandao kila chumba. Mafundi wakawa wanatoka Iringa asubuhi kuja kuchukua boksi moja la waya, siku yao inaishia barabarani. Hajati akasema anafungua tawi Iringa, ataajiri wasichana waliomaliza shule upande wa Tosamaganga, na mimi ndiye nitakuwa msimamizi wao.

Niliitaka ile kazi. Sitajifanya. Katika maisha yangu sijawahi kuwa mkubwa wa mtu yeyote ila mwanangu, na yeye hanisikilizi. Baba yake anaendesha lori, wiki hii yuko Tunduma, wiki ijayo yuko Zambia, kwa hiyo shauri la mtoto lilikuwa langu na mama mkwe. Ilomba hatukupata tabu, maana nilikaa nyuma ya ukuta wa karakana: natoka saa nne, nanyonyesha, narudi, natoka saa saba, nanyonyesha, narudi. Iringa tulipangiwa chumba mbali, juu mlimani. Kwenda na kurudi, mtoto angekuwa ameshaota meno.

Ndiyo maana nilimuuliza Hajati mapema, na ndiyo maana lile jibu lake liliniuma. Mwanamke aliyelea watoto wake sita juu ya marobota ya mapazia! Nilipomkumbusha hivyo, akasema, "Umeona? Nililea juu ya marobota. Nilidai chumba mie?"

"Mapazia hayaharibiwi na blanketi la mtoto. Kioo kinaharibiwa. Ndani hunikubalii kuingia naye, nje kuna upepo. Nimuweke wapi, mfukoni?"

"Anza kazi kwanza. Tutaona."

"Mtoto ananyonya sasa hivi, Hajati. Hanyonyi tutaona."

Tukakubaliana hivi, au mimi nilisema na yeye akanyamaza: siku ya ufunguzi ikipita na chumba hakuna, narudi Mbeya na usimamizi ampe mwingine. Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe? Uache usimamizi? Wewe unayewaamrisha hadi mafundi rangi wa watu?" Akaenda zake anacheka. Alinijua, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Mama mkwe akafunga safari na sisi kutoka Uyole, akaacha viazi vyake shambani na maagizo kwa majirani. Ni mwanamke mfupi, Mkristo wa kufunga kitambaa kichwani hata akiwa anapalilia, na hamwogopi mtu mwenye gari. Siku ya kwanza alikaa barazani na mtoto mgongoni, upepo wa Iringa ukampeperushia mbeleko mpaka ikamfunika uso. Hajati akashuka kwenye gari, akamkuta anapambana na kitambaa.

"Hujambo, mwenzangu?"

"Sijambo. Hii nyumba nzuri. Imejaa milango. Sisi wenye roho ndiyo tuko nje."

"Mwenzangu, hapa ni kazini."

"Nimeona. Hata kile kidude cha dizeli kimeajiriwa, kimepewa na nyumba."

Hajati akaingia ndani. Nikajua kumbe hasira zangu zilikuwa changa, za mama mkwe ndizo zilizokomaa.

Basi tukaitumia nyumba ya kidude. Umeme ukiwepo, jenereta imelala, na chumba chake kinafunga vizuri, hakina upepo. Nilikuwa naingia humo na mwanangu, nakaa juu ya dumu lililogeuzwa, namnyonyesha. Shida ni umeme ukikatika. Mlinzi anakuja mbio kuwasha, anagonga, mimi napiga kelele "Bado!", na ndani wasichana wako gizani na vichwa vya waya mkononi. Mara moja aliiwasha kabla sijatoka. Mtoto aliniuma kwa fizi hadi nikamtaja shetani. Wasichana wakasikia, na kwa kuwa wengi wao wamelelewa kwa masista, wakafanya ishara ya msalaba.

Wasichana wenyewe walikuwa wazuri wa kazi. Mikono yao ilitulia. Niliwafundisha kushika kichwa cha waya wima, kusugua kwa kuchora namba nane juu ya karatasi, na kutofuta kioo kikavu hata kiwe kichafu namna gani, kwa sababu punje ikiburutwa kavu inachora. Kwanza spiriti, ndipo ufute. Waliitikia kwa adabu, "Ndiyo, dada," na asubuhi walinisalimia "Kamwene" mpaka na mimi nikazoea kuwaitikia kama mwenyeji.

Siku ya ufunguzi ikafika. Chumba hakuna. Asubuhi nilimwona Hajati anahesabu sahani, nikamwambia, "Leo ndiyo leo." Akasema, "Leo kuna wageni, usinianze."

Mgeni mkubwa alikuwa mkaguzi wa kampuni moja inayofunga faiba mikoa hii yote. Mtu wa makamo, viatu vinang'aa, sauti ya chini. Akiridhika na kazi ya Iringa, oda yao inaletwa kwetu. Asiporidhika, tawi linabaki kuuza boksi mojamoja. Alikuwa ameomba jambo moja: asionyeshwe waya zilizokwisha kuvikwa kofia. Alitaka kukuta vichwa vimesuguliwa tu, viko wazi kwenye sinia, achague kimoja mwenyewe na kukitazama kwenye hadubini kabla mtu hajakigusa. Nikavipanga. Nikawaambia wasichana asiingie mtu asiye na koti jeupe, nikasimama mlangoni mimi mwenyewe.

Uani mambo yalikuwa yameanza. Hajati aliwaalika akina mama wa mtaa, nao walikuja na ngoma. Iringa wakicheza wanacheza, wacha utani. Mkaguzi alikuwa chumba cha wageni anapewa soda, hotuba zikasogezwa mbele kumngoja kiongozi wa mtaa, na ndipo mama mkwe akatokea kwenye kona na mtoto anayelia hadi amekuwa zambarau kama mapazia.

"Ana njaa. Nimemwimbia, amekataa."

Nikamtazama mkaguzi kupitia kioo kikubwa cha ukutani kilichotenganisha chumba cha wageni na lango la chumba cha kusugulia. Soda yake ilikuwa nusu. Nikasema nina dakika zangu. Nikawaachia wasichana mlango, nikamchukua mwanangu, nikaenda mwisho wa ua, kwenye dumu langu.

Kilichotokea huku nyuma nimesimuliwa na kila aliyekuwepo, na kila mmoja amejitoa lawamani.

Ngoma ilikolea. Hajati akashindwa kukaa, akaingia katikati, na kwa mwili wake ule na miaka yake akacheza mpaka akina mama wakapiga vigelegele. Sasa huku kwetu mwanamke akicheza hivyo, au akifanikiwa, hatazamwi hivihivi: anatunzwa. Anapakwa poda shingoni na kifuani, kwa mapenzi, wote waone amependeza. Mama mkwe alikuwa na mkoba wa mtoto begani. Ndani ya mkoba kuna kopo la poda. Wale wawili walikuwa hawajaambiana neno jema tangu baraza ile ya upepo, lakini ngoma ni ngoma. Akafungua kopo, akamfuata Hajati hukohuko katikati, akammwagia shingoni, mabegani, mpaka juu ya ushungi. Akina mama wakaomba na wao. Wakapakana.

Na Hajati, yule anayetunusa kila asubuhi, furaha ikampanda kichwani. Akasema kwa sauti, "Njooni! Njooni mwone watoto wenu wanachokifanya humu!" Akafungua mlango wa chumba cha kusugulia kwa mkono wake mwenyewe, akaingia nao wote, wanacheza.

Wasichana wangemzuia vipi? Ndiye mwenye nyumba.

Mimi kule nilisikia vigelegele vimebadilika. Kigelegele cha uani kinapaa. Kigelegele cha chini ya dari kinarudi. Nikajua wako ndani. Nikataka kuinuka, mtoto akaning'ang'ania. Nikasema moyoni, wacha iwe nimesikia vibaya.

Halafu mlango wa chuma ukafunguliwa kwa kishindo. Hajati alikuwa mweupe kuanzia kidevu hadi kiunoni.

"Uko wapi wewe?"

"Niko hapa. Ndicho chumba nilichopata."

"Toka! Mkaguzi ameingia, ametazama kwenye hadubini, kanyamaza, katazama kingine, kanyamaza tena. Kaniuliza, mama, hapa mnauza faiba au sembe? Wallahi kaniuliza hivyo! Toka!"

"Hajamaliza."

"Mwachishe!"

"Mwachishe wewe."

Akamtazama mtoto. Mtoto akamtazama kwa jicho moja, lingine limezama kwenye ziwa, akaendelea.

"Nani kaleta poda kwenye kazi yangu?" nikauliza, ingawa harufu ile niliijua. Ndiyo niliyompaka mwanangu alfajiri.

"Mkweo!"

Mama mkwe alikuwa nyuma yake, kopo bado mkononi. "Nimekupaka wewe, sikukipaka kioo. Ningejuaje utaingia nayo? Si wewe ndiye mnusaji?"

"Mwanamke wewe utaniua!"

"Na nilikupa ya mtoto, nzuri, haiwashi. Hata ndaga hujasema, hata asante."

Hapo nilicheka, Mungu anisamehe. Halafu hasira ikarudi, ikanikuta nimeshika neno la kusema. "Hajati, ningekuwa pale mlangoni isingepita punje. Ningekuzuia hata wewe. Sikuwa mlangoni kwa sababu nilikuwa huku, na niko huku kwa sababu..."

"Najua kwa sababu gani!"

Alipaza sauti hadi ngoma ikasimama uani. Ilikuwa mara ya kwanza kukiri kwamba anajua. Akajifuta uso kwa ncha ya ushungi, akazidi kuisambaza poda. "Haya. Sema unachotaka, lakini sema haraka."

"Chumba cha wageni. Kimepakana na kazi, kina kioo, nikikaa pale nanyonyesha na mlango nauona. Makochi yanatosha mama mkwe na mimi na yeyote atakayezaa kesho."

"Kuna mgeni humo! Amerudishwa akale!"

"Mhamishe."

"Mkaguzi? Nimhamishe mkaguzi?"

"Mtoto akimaliza hapa nakwenda stendi, natafuta basi la Mbeya. Hizo sinia zote utazisafisha na hao akina mama."

Alisimama pale. Nikamwona anapiga mahesabu yake ya kibiashara, yale ya kutazama pembeni na kuuma mdomo. Kisha akageuka akaenda, na sisi tukasikia sauti yake kupitia ua mzima, tamu kama anauza pazia: "Baba, samahani, hebu tukuhamishie barazani upate hewa safi. Humu kuna joto." Joto! Iringa! Yule mkaguzi wa watu akatolewa na sahani yake ya pilau mkononi, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki, upepo ukachukua kitambaa chake cha karatasi ukakipeleka kwa jirani.

Nikampeleka mwanangu kwenye kochi, mama mkwe akapanda naye miguu na yote. Nikavaa koti, nikaingia.

Hali ilikuwa mbaya, ila si msiba. Chembe za poda zilitua juu ya vichwa vyote, na msichana mmoja kwa hofu alikuwa amevifuta baadhi kwa mkono wa koti, vikavu. Analia. Nikamwambia, "Kulia ni baadaye, chozi nalo lina chumvi." Tukatoa akina mama, tukafuta meza, sakafu, kuta. Tukaosha vichwa kwa spiriti kimojakimoja, tukavitazama. Vile vilivyofutwa vikavu vilikuwa na mikwaruzo, vikarudi kwenye karatasi, namba nane upya. Kila nilipoinua kichwa nilimwona mwanangu kupitia kioo, amelala, mdomo wazi. Sikumbuki siku nyingine niliyofanya kazi nikiwa nimetulia hivyo.

Mkaguzi aliingia jioni, kavaa koti, nywele zimesimama kwa upepo. Alichagua kichwa. Alitazama. Alichagua kingine, kutoka sinia ya vile vilivyokwaruzwa, bila kujua. Alitazama muda mrefu. Kisha akamuuliza Hajati nani msimamizi hapa, na Hajati akaninyooshea kidole.

"Kila siku mnafanya kazi hivi?" akaniuliza.

"Kila siku, ukitoa ngoma."

Akaandika kitu kwenye simu yake. Wakatoka nje na Hajati, wakaongea karibu na gari. Mimi nilikwenda kukaa na mwanangu kwenye makochi ya zambarau, miguu inaniuma, sijui kama tumepata au tumekosa.

Hajati akaingia kwa nguvu zake zote, mdomo umeshafunguka kutangaza. Mama mkwe akainua kidole bila kuinua macho.

"Shh. Amelala."

Tangu nimfahamu mwanamke huyu sijawahi kumsikia akinong'ona. Anaomba dua kwa sauti ya mnada. Lakini alivua viatu mlangoni, akaja kwa vidole, akakaa ukingoni mwa kochi, poda bado imo kwenye mikunjo ya shingo yake, akaniinamia sikioni.

"Wamechukua yote. Na Njombe pia wanataka."

"Alhamdulillahi," nikamnong'oneza.

"Kesho uje saa kumi na mbili na nusu."

"Saa mbili."

"Saa moja."

Mtoto akajigeuza. Wote watatu tukanyamaza, hata pumzi tukazishika. Hajati akamtazama hadi alipotulia, akamfunika mguu uliotoka nje ya blanketi, akasema kwa midomo tu, bila sauti kabisa: saa mbili.